Fungu la Aliye Mbali

Kila chakula cha Krismasi kina muda wake wa kuishi. Kuku huchinjwa alfajiri ya tarehe 25, pilau huiva watu wakitoka misa, na anayefika jioni hukuta ukoko. Chapati zikibaki hadi kesho yake huliwa na chai, lakini keshokutwa hakuna anayezitaka. Soda haivuki siku. Nyumbani kwetu Ushirombo, na kwa majirani kadhaa ambao nilikua nikiingia majikoni mwao, kuna kitu kimoja tu cha sikukuu kinachopikwa kabla ya siku yenyewe na kutegemewa kuwapo baada yake, nacho ni biskuti za viungo. Ni ndogo, kahawia iliyokolea, zina mdalasini, tangawizi, iliki na karafuu, na hukandwa kwa asali badala ya sukari. Huokwa tarehe 21 au 22 Desemba, zikaachwa zipoe kabisa, kisha zikapangwa ndani ya ndoo ya Blue Band yenye mfuniko unaobana. Hapo ndipo mama huanza kutenga: za mkesha, za wageni, za majirani, na fungu la ambao hawajafika.

Fungu hilo la mwisho ndilo ninalotaka kuliandika. Mapishi mengi yamepita nyumbani kwetu yakasahaulika, lakini biskuti hizi zimedumu, na ninaamini zimedumu kwa sababu ni chakula kinachoweza kumngoja mtu. Pilau ni ya waliopo. Anayekanda unga wa biskuti siku kadhaa kabla ya sikukuu anamuwaza aliye njiani.

Na sisi tuna watu wengi njiani. Barabara kuu inayotoka Isaka na Kahama inaupasua mji wetu katikati, inaendelea Runzewe na Lusahunga, na huko mbele inawagawa wasafiri, wa Rwanda wakielekea Rusumo, wa Burundi wakielekea Kobero. Malori yenye makontena ya bandari ya Dar es Salaam hupita usiku na mchana. Ukifika Runzewe unaweza kukata kulia kwenda Bwanga, na kutoka Bwanga ukaingia kwenye nchi ya dhahabu: Katoro, Lwamgasa, Nyarugusu, Geita yenyewe. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2012 sisi tulikuwa watu wa Shinyanga. Mkoa wa Geita ulipoundwa mwezi Machi mwaka huo, Wilaya ya Bukombe ikahamia huko, lakini ndugu hawakuhama. Ukoo ulibaki umetawanyika vilevile, wengine Kahama, wengine Masumbwe, wengine popote palipotoa mawe ya dhahabu.

Mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, walioajiriwa walipata kalenda. Wana zamu, wana likizo, mke anajua tarehe ya kumpokea mume. Mchimbaji mdogo hana kalenda. Anafuata mawe. Ikisikika kuna rashi mahali, yaani dhahabu mpya imeonekana, anakunja godoro usiku huohuo, na simu yake haipatikani mpaka apate pa kuchajia. Akishuka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, hajui atapanda na nini, na hata akipata mawe bado kuna foleni ya karasha ya kusagia mawe, kuna mgao, kuna mwenye duara ambaye lazima aonekane kwanza. Mama wa kijana kama huyo hawezi kusema kama mwanawe atabisha hodi tarehe 24 usiku, tarehe 27 au baada ya mwaka mpya. Ukimpikia pilau utaimwaga.

Kuondoka si jambo lililoletwa na migodi. Wasumbwa, wenyeji wa nchi hii, walikuwa wasafiri wa mbali tangu karne ya 19, wakitembea kwa miguu hadi Katanga kufuata shaba na pembe za ndovu. Msiri, aliyejenga ufalme wake Bunkeya, alitokana na watu hao. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na ofisa wa msafara uliokwenda kuichukua Katanga kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na Wayeke, uzao wa wale walioondoka huku na kufanya makao kule, wako Bunkeya hadi leo. Huwa nawafikiria wazazi wa vijana wale. Mtu alitoka nyumbani na mzigo kichwani, akasema anakwenda kuuza na kurudi, na vizazi vyake sasa ni Wakongo.

Waliobaki nyumbani walijua zamani namna ya kuandaa chakula cha kungoja. Kanda hii yote ina michembe, yaani viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande vyembamba na kukaushwa juani, na ina matobolwa, ambavyo huchemshwa kwanza ndipo vikakaushwa. Vikikauka sawasawa hukaa miezi mingi, na utamu wake unazidi kukolea kadiri maji yanavyotoka. Mtoto akitafuna tobolwa anatafuna jua la Julai wakati mvua ya Januari inanyesha. Kwa hiyo nafasi ya kitu kikavu, kitamu na chenye subira ilikuwapo majikoni mwetu kabla ngano haijawa ya kila duka. Biskuti ziliikuta nafasi hiyo wazi.

Mama alijifunza kuoka shuleni, kwenye somo la sayansi kimu, kwa mwongozo uliotaka sukari, maziwa na oveni ya umeme. Oveni hakuipata. Sukari ilikuwa ya kugombania katika miaka ile ya uhaba. Asali ilikuwapo. Babu yetu mdogo, upande wa baba, alikuwa mrina asali wa pori la Kigosi. Kiangazi alikwenda na wenzake kwa baiskeli, wakakaa kambini wiki nyingi, wakashusha mizinga kwa moshi na kurudi na madumu yaliyofungwa nyuma ya baiskeli kwa mipira. Dumu moja likabaki kwetu. Mama akaacha sukari, akaweka asali, na kitu kilichotoka kikawa bora kuliko kile cha kwenye daftari lake.

Kilikuwa bora kwa sababu ambazo leo naweza kuzieleza. Asali iliyoiva vizuri kwenye masega ina maji chini ya sehemu moja kwa tano. Kilichobaki karibu chote ni sukari, na sukari hiyo ina kiu: huyashika maji ya hewani na kutoyaachia. Biskuti ya sukari ni laini siku ya kwanza na inakauka kila siku inayopita. Ya asali ikipoa huwa ngumu, siku ya pili inalegea, siku ya nne inakatika mdomoni bila kuvunjika, na kufikia mwaka mpya ladha ya viungo imeshaenea kila mahali. Inaboreka ikiwa ndani ya ndoo. Aliyechelewa ndiye anayekula iliyo nzuri zaidi, na hilo ndilo linalonigusa kuliko yote katika upishi huu. Desemba kwetu ni msimu wa mvua, hewa imejaa unyevu, kwa hiyo mfuniko wa ndoo una kazi kubwa. Ukiuacha wazi usiku mmoja, asali itakunywa hewa na asubuhi utakuta zimeshikana.

Nimesikia mara nyingi, hata kutoka kwa watu ninaowaheshimu, kwamba biskuti za Krismasi ni mambo ya kizungu ambayo tumeyadandia. Nataka kulijibu hilo kwa utulivu, nikianzia huko huko Ulaya. Mji wa Nürnberg, Ujerumani, unajulikana kwa Lebkuchen, biskuti za asali na viungo zinazoliwa kila Krismasi. Ziliota mizizi pale kwa sababu zinazoeleweka. Mji ulizungukwa na msitu mkubwa wa kifalme uliojaa nyuki, na warina asali wa msitu huo walithibitishiwa haki zao na Karl wa Nne mwaka 1350. Makanisa yalitaka nta ya mishumaa, na kila nta inapokamuliwa asali ipo. Mji ulikuwa kwenye njia za wafanyabiashara, kwa hiyo viungo vya Mashariki vilivyopitia Venice vilifika. Waokaji wake wakawa na chama chao wenyewe mwaka 1643. Msitu, nyuki, kanisa, njia ya viungo: mahali panapokuwa na vitu hivyo vinne, biskuti ya asali itazaliwa tu, aje Mzungu asije.

Sasa tazama Ushirombo. Kusini-magharibi kwetu kuna Kigosi, pori la miyombo na mininga linalokwenda kuungana na mabonde ya Moyowosi na Malagarasi. Nta ya nyuki kutoka nchi ya Wanyamwezi na jirani zao ilikuwa bidhaa ya kusafirishwa nje tangu enzi za Wajerumani. Mapadre Weupe, wa shirika lililoanzishwa na Lavigerie kule Algiers mwaka 1868, walifungua misheni Ushirombo mwaka 1891, mwaka uleule aliouawa Msiri, na altare ya Kikatoliki wakati huo ilidai mshumaa wa nta ya nyuki. Njia za misafara kutoka pwani zilikuwa zimefika Tabora na kutupita muda mrefu kabla yao. Tulikuwa na kila kitu. Kilichokosekana ni ngano, na hata Ulaya mara nyingi walianza na unga wa nafaka nyingine waliyokuwa nayo. Kwa hiyo mama alipochanganya asali ya Kigosi na mdalasini wa pwani hakuwa anaazima kwa mtu. Alikuwa anakamilisha jambo ambalo nchi yenyewe ilikwisha kuliandaa.

Pori hilo linanitia wasiwasi, na siwezi kulisifu bila kusema hivyo. Mwaka 2019 Kigosi ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa, na warina asali wakajikuta nje ya mahali baba zao walipotundika mizinga. Baadaye Bunge liliridhia hadhi hiyo iondolewe, eneo likarudi kuwa hifadhi ya misitu ambamo nyuki wanaweza kufugwa. Nilifurahi. Lakini ruhusa peke yake haioti majani. Mzinga wa kienyeji wa gome hutengenezwa kwa kulivua gome la myombo kuzunguka shina, na mti uliovuliwa hivyo hufa, kwa sababu chakula hakishuki tena mizizini. Na sisi waokaji tunatumia mkaa, ambao ni myombo uleule kwa sura nyingine. Kila trei ya biskuti inalichukua pori mara mbili, mara moja kwenye bakuli na mara moja chini ya sufuria. Sijui namna ya kulikwepa hilo zaidi ya kuoka kwa moto mdogo, kununua asali ya mizinga ya mbao pale inapopatikana, na kuwaambia watoto waziwazi kilichotumika.

Karafuu ina hesabu nzito zaidi. Mama huweka chache sana, nne au tano kwa nusu kilo ya unga, na huzitwanga mwenyewe, hampi mtoto. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi, na chini ya Sultani Sayyid Said mashamba yakaenea kila mahali. Dhoruba ya mwaka 1872 iliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo inayoongoza. Matumba yake huchumwa kabla ua halijafunguka, yakaanikwa juani mpaka yawe kahawia na makavu kiasi cha kuvunjika kwa kucha. Huyu ndiye mlinzi wa biskuti: mafuta ya karafuu, yaleyale ambayo daktari wa meno huyatumia, hupunguza nguvu ya ukungu na vijidudu.

Lakini mashamba yale ya mwanzo yalilimwa na watumwa, watu walionyakuliwa bara na kushushwa pwani, baadhi yao kwa njia hizohizo za Ujiji, Tabora na Bagamoyo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ulikuja kuondolewa nguvu ya sheria visiwani mwaka 1897. Katikati ya hapo, na kabla ya hapo kwa miongo mingi, kulikuwa na mama bara aliyetenga chakula cha mtu ambaye hakurudi. Mtu huyo alikuwa Unguja au Pemba, juu ya ngazi, akichuma karafuu. Sitaki kuipita karafuu haraka, kama kitu cha kunukisha tu. Ninapoisikia ikivunjika kwenye kinu najua kwamba imepanda kwa njia ileile waliyoshushwa watu wetu, na kwamba wao ndio walioilipia.

Jirani yetu mmoja, mama wa Kiislamu aliyezaliwa Unguja na kuletwa Ushirombo na biashara ya mume wake, ndiye aliyemfundisha mama kuoka bila oveni. Kwao kuna vileja, biskuti za unga wa mchele, samli, sukari na iliki, zinazookwa kwa ajili ya Idi, nyingine zikitiwa doa la rangi katikati. Akija kwetu hukaa juu ya kibao cha mbuzi na kuamuru. “Shoga, moto wa juu ndio unaooka,” alikuwa akimwambia mama. “Wa chini kazi yake kuunguza. Upunguze!” Akafundisha kupalia makaa juu ya mfuniko. Tangu wakati huo Idi ikifika tunaletewa sahani ya vileja, na kwa kuwa sahani ya jirani hairudi tupu, inarudi na chochote tulicho nacho. Krismasi sahani ileile inaenda kwao imejaa biskuti za asali. Watoto wao wanazijua kwa jina la mama yangu, na sisi vileja tunavijua kwa jina la mama yao.

Oveni yetu ni sufuria kubwa ya aluminiamu isiyofaa tena kwa wali. Chini hutandazwa mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole vitatu, juu ya mchanga huwekwa vijiwe vitatu vya kushikilia trei, kisha mfuniko wa bati wenye makaa juu yake. Mchanga hupokea joto polepole na kulitoa polepole, ndiyo maana moto wa jiko ukiyumba biskuti hazishtuki. Asali huwahi kuwa nyeusi kuliko sukari, kwa hiyo anayeoka hawezi kwenda kupiga soga. Mama hupima joto kwa kipande cha karatasi ya daftari: kikigeuka hudhurungi upesi, anaondoa makaa mawili matatu juu na kungoja. Harufu ya mdalasini ikianza kutoka kwenye ukingo wa mfuniko, zimebakiza muda mfupi tu.

Vipimo vyake, kwa anayevitaka: unga wa ngano nusu kilo, Blue Band robo ya nusu kilo, asali kikombe cha chai kisichojaa, yai moja, beking pauda kijiko kimoja cha chai, mdalasini vijiko viwili, tangawizi kavu kimoja, iliki punje nane hadi kumi, na hizo karafuu. Chumvi kiasi cha kubana kwa vidole. Asali na Blue Band huyeyushwa pamoja kwa moto mdogo, viungo vikatiwa humo vikiwa vya moto ili vifunguke, na yai husubiri mpaka mchanganyiko upoe. Tangawizi iwe ile iliyokaushwa na kutwangwa. Mbichi ni kali kwa namna nyingine, ya kuamsha pua, lakini ikikaushwa ukali wake hugeuka na kushuka kifuani, na huo ndio unaotakiwa. Unga uliokandwa hulala usiku mzima umefunikwa. Asubuhi unakuwa mgumu, unasukumika bila kushika kibao, na hukatwa kwa mdomo wa glasi.

Kazi hii inataka watu. Yupo wa kuchekecha, yupo wa kumenya iliki na kutunza maganda kwa ajili ya chai, yupo wa kukata, yupo wa kupepea jiko, na mdogo kuliko wote hupewa jukumu la kuhesabu zilizovunjika, ambazo ni zake. Ni siku ambayo watoto wa shangazi waliotoka Mwanza, na ambao Kisumbwa hawakijui, wanakaa mkeka mmoja na bibi yao na kuzungumza naye kwa mikono yenye unga. Mtu akiuliza habari za ndugu fulani ambaye hajaonekana mwaka huu, hapo ndipo hadithi yake inapotolewa. Nilijifunza kule jikoni ni nani aliyekwenda mgodi wa Tulawaka, nani alirudi mgonjwa wa kifua, nani ana mke wa pili Katoro. Hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha ukoo. Tuliupata tukikata biskuti, kila jina likitajwa kwa sababu lilikuwa linatengewa fungu.

Siku hizi pesa ya dhahabu inaweza kununua Krismasi nzima kwa asubuhi moja. Supamaketi za Kahama na Geita zina makopo ya biskuti yenye picha za theluji, na kijana aliyebahatika duarani anafika na makopo hayo kwa katoni, soda kwa kreti, na mbuzi hai kwenye bodaboda. Namshukuru kila anayeleta. Lakini kopo lile halikuokwa kwa kumuwaza mtu yeyote wa nyumba hii, na watoto wanaliona hilo upesi kuliko sisi. Wanalimaliza siku hiyohiyo. Sijawahi kuona mtoto akimtengea mtu biskuti ya dukani. Za ndoo hata mwenye njaa haziibi hovyo, kwa sababu kila moja ina mwenyewe anayejulikana, na akiila amekula ya mjomba.

Na mjomba asipokuja? Hilo hutokea. Mama hana kanuni ndefu. Fungu linakaa mpaka Jumapili ya Tokeo la Bwana, mwanzoni mwa Januari, na likibaki linagawiwa watoto wakitajiwa jina la aliyelikosa, kisha maisha yanaendelea, ada za shule zinatafutwa. Kuna jina moja ambalo limekuwa likitajwa hivyo kwa miaka mingi. Ni la kaka wa baba, aliyekwenda kuchimba upande wa Mgusu nikiwa mdogo na ambaye habari zake zilikatika. Baba alishakubali. Mama bado anamhesabu wakati wa kukanda, na hakuna mtu nyumbani ambaye amewahi kumwambia aache. Mimi naona yuko sahihi. Kumtengea mtu ni kukataa kumfuta, na unga wa biskuti sita si gharama ya kumfanya mtu aulize.

Desemba iliyopita mdogo wangu wa kiume alikuwa Nyarugusu, na siku chache kabla ya sikukuu akapiga simu. Walikuwa na mawe yanayosubiri karasha na hakuna aliyekuwa tayari kuyaacha bila mlinzi.

“Dada, shikamoo. Nadhani mwaka huu siji.”

“Marahaba. Mama anajua?”

“Nimemwambia. Amesema fungu langu lipo. Lakini nataka kuoka huku huku. Nipe vipimo.”

Nilimuuliza oveni ataipata wapi, akasema wamekata pipa nusu na mfuniko wake wanao. Nikamuuliza kuhusu mchanga, na hapo nikasimamisha kila kitu, kwa sababu kwenye machimbo dhahabu hukamatwa kwa zebaki, na zebaki hubaki kwenye mchanga ambao macho yanauona safi. Mchanga kama huo ukiupasha moto, zebaki inapanda kama mvuke. Nikamwambia asiguse marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa, wala mchanga wowote uliokaribia mabwawa ya kuoshea. Auchimbe juu mlimani, mbali na makarasha, au atumie mawe matupu bila mchanga.

“Nimekuelewa. Na asali ya huku siiamini, wanachanganya na sukari.”

“Mama atakutumia lita moja kwa basi la kesho. Mko wangapi?”

“Kambini tuko saba, ila wawili wamekwenda kwao Kibondo na hatujui watarudi lini. Tutawawekea.”

Nikamwambia basi unga aufanye kilo nzima, viungo vyote aviongeze mara mbili, isipokuwa karafuu, na atafute ndoo yenye mfuniko unaobana.